Hewa Inaingilia Wapi

Kuna mafundi ambao gari likiingia gereji wanataka kwanza kusikia mlio. Mzee aliyenifundisha kazi Arusha alitaka kushika. Alifungua boneti, akaweka mkono kwenye mdomo wa bomba la hewa kule mbele, akalifuata mpaka kwenye ea klina, akatokea upande wa pili na kwenda nalo hadi linapojichimbia kwenye turbo. Ndipo akauliza: "Hewa inaingilia wapi?" Mwenye gari akijibu kwamba ameweka chujio la bei mbaya, limetoka Dubai, Mzee alirudia swali lake lilelile, safari hii polepole.

Gereji yetu ilikuwa upande wa Njiro, na wateja wake walikuwa wa aina mbili, waliokaa benchi moja bila kuwa na la kuzungumza. Walikuwapo vijana wa Subaru, wenye Forester na Impreza za turbo zilizotumika Japani: injini ya EJ20, sentimita za ujazo 1,994, silinda nne zimelala ubavu, mbili huku na mbili kule. Na walikuwapo madereva wa utalii na Land Cruiser zao, nyingi zikiwa na 1HZ, dizeli ya lita 4.2 ambayo kiwandani haikupewa turbo ila baadhi ya matajiri waliifungia wenyewe. Vijana walitaka gari livute na lilie. Madereva walitaka gari lirudi salama kutoka Serengeti. Wote wawili walikuja wakiulizia chujio, na wote wawili Mzee aliwarudisha kwenye mdomo wa bomba.

Injini hula hewa kuliko inavyokunywa mafuta. Gramu moja ya petroli inahitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue vizuri. Ukigeuza hesabu hiyo kuwa ujazo, lita moja ya petroli inamaliza karibu lita 9,000 za hewa ya usawa wa bahari, na Arusha, ambako hewa ni nyepesi, inamaliza zaidi. Tangi la lita 60 likikauka, injini imeshavuta hewa ya kujaza vyumba 15 vya mita nne kwa tatu, vyenye dari ya mita tatu. Yote imepita kwenye tundu unaloweza kuliziba kwa kiganja. Chochote kinachoelea mbele ya tundu hilo, kiwe joto, vumbi au maji, kitaingia kwa kiwango hichohicho.

Turbo inazidisha uroho huo. Ni magurudumu mawili ya mapanga kwenye mhimili mmoja: la kwanza linazungushwa na moshi unaotoka, la pili linavuta hewa safi na kuisindilia ndani ya silinda. Wazo lenyewe ni la zamani. Mswisi Alfred Büchi alilipatia hataza mwaka 1905. Kwenye gari dogo mhimili huo unapita mizunguko 100,000 kwa dakika, na ukiushika kwa vidole injini ikiwa imezimwa, unashangaa jinsi ulivyo mwembamba.

Siku moja mwanafunzi wa chuo alituletea Forester. Alikuwa ameng'oa boksi lote la ea klina na mahali pake amefunga chujio jekundu la umbo la koni, liko wazi, nyuma ya taa, jirani na redieta. Ukikanyaga, lilivuta pumzi kwa kishindo. Ukiachia, kilisikika kile kimluzi ambacho vijana wanakifia. Malalamiko yake ni kwamba mchana, kwenye foleni, gari linakuwa zito, na fundi mwingine alishamwambia turbo inakufa, atafute nyingine.

"Shikamoo Mzee, nipe ukweli, nitafute turbo?"

"Marahaba. Turbo tuiache kwanza, mwanangu."

Mzee alinituma kwa jirani yetu, fundi friji, nikaazime kipimajoto cha kidijitali, kile chenye waya mrefu. Tukafunga ncha ya waya kando ya koni, tukaupitisha dirishani, kioo cha kipimajoto nikakishika mimi mapajani. Tulishika barabara ya Kisongo. Nje kulikuwa na nyuzijoto 27. Gari likiwa kwenye mwendo, kipimajoto kilichezea kwenye 33, 34. Tuliporudi mjini na kunasa kwenye foleni ya Sanawari, namba zilianza kupanda mbele ya macho yetu: 45, 52, kisha zikavuka 60. Feni ya redieta ilikuwa ikifanya kazi yake, kusukuma joto nyuma, na nyuma kulikuwa na koni inayolingoja. Foleni ilipofunguka, namba hazikushuka mara moja. Kijana alikanyaga, gari likajikokota, naye akanitazama mimi badala ya barabara.

Hesabu yake niliifanya baadaye, nikiwa nimeazima kitabu cha fizikia. Hewa ya nyuzi 30 ikikandamizwa hadi presha mara mbili, kwa ufanisi wa kawaida wa turbo, inatoka ikiwa na nyuzi kama 125. Ikiingia na nyuzi 60, inatoka na nyuzi kama 165. Nyongeza ya 30 mlangoni inakuwa 40 upande wa pili, kwa sababu turbo haiongezi joto kwa kiasi kilekile kila mara. Kadiri hewa inavyoingia na moto, ndivyo inavyoongezewa zaidi. Hata kabla ya hapo, hewa ya nyuzi 60 ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 9 kuliko ya nyuzi 30 kwa presha ileile. Intakula ndiyo inayotakiwa kupooza, lakini kwenye Forester ile imelala juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti, ikitegemea upepo wa mwendo. Kwenye foleni hakuna upepo, na intakula nayo inaokwa kutoka chini. Sensa inasikia silinda zinaanza kugonga, kompyuta inarudisha taimingi nyuma ili kuziokoa, na dereva anahisi gari zito. Turbo ya kijana ilikuwa nzima kabisa.

Lakini haki yake nimpe. Gari likiwa kwenye mwendo tofauti ilikuwa ndogo, na wanaosema koni ndani ya boneti inaiba nguvu saa zote wanatia chumvi. Mtu anayesafiri usiku kwenda Namanga asingeona shida. Shida ilikuwa kwamba kijana yule aliishi mjini, mchana, kwenye foleni, na huko ndiko mahali pa chujio lake palipokuwa pabaya kuliko pote.

Lile boksi la plastiki alilolidharau lilikuwa na pua inayovuta hewa ya nje, mbele, juu ya redieta, na kuta zinazoizuia isikutane na joto la injini. Lilikuwa na kitu kingine tena ambacho wengi hawakioni. Kwenye bomba linalotoka ndani yake hukaa sensa ya hewa, waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa inavyopita inaupooza, na kompyuta inahesabu hewa iliyoingia kwa kuangalia ni umeme kiasi gani unahitajika ili waya ubaki na moto uleule. Hesabu hiyo imepimwa kwa bomba la upana fulani. Ukiweka bomba pana zaidi, hewa ileile inapita polepole mbele ya waya, kompyuta inadhani imeingia kidogo, inamwaga petroli kidogo. Kwenye injini ya turbo iliyo kwenye presha, petroli pungufu ni njia ya mkato ya kutoboa pistoni. Na chujio la pamba lililolowekwa mafuta kupita kiasi linapaka utando juu ya waya huo huo, ukaanza kusema uongo. Mzee, ambaye hakupenda sana mambo ya kompyuta, alikuwa akiwaambia vijana, "Ile haioni hewa, inaona waya."

Boksi la zamani kijana alishaliuza. Alitafuta jingine kwenye maduka ya spea za kutumika, tukalifunga na chujio jipya la karatasi, la bei ya kawaida tu. Uzito wa foleni uliisha. Mlio nao uliisha, na huo ndio pekee alioulalamikia.

Miaka ya baadaye nikahamia Dar es Salaam, Gerezani, nikakutana na ukoo mwingine wa vijana. Hawa walishasikia habari za joto, wakawa wameshusha koni kwa bomba refu hadi nyuma ya bampa, chini ya taa. Kweli, pale hewa ni ya baridi. Ukipima kwa kipimajoto hutawashinda kwa lolote. Ila mtu aliyeishi Dar anajua kwamba masika yakikolea, Mto Msimbazi unafurika pale Jangwani na Barabara ya Morogoro inafungwa. Gari moja lililetwa kwetu likivutwa, maji yakiwa hayakufika hata kwenye kitasa cha mlango. Nilichukua futi nikapima: mdomo wa bomba la kienyeji ulikuwa sentimita 30 kutoka ardhini, wakati ule wa kiwandani ungekuwa kama 80.

Maji hayakandamiziki. Silinda ya sentimita za ujazo 500, kwenye injini ya turbo yenye mgandamizo wa 8 kwa 1, inabakiza nafasi ya sentimita za ujazo 71 tu pistoni ikifika juu, yaani kama vijiko vitano vya chakula. Yakiingia maji zaidi ya hapo vali zikiwa zimefungwa, pistoni inapanda na kukuta ukuta, lakini kranki haijui habari hizo, inaendelea kusukuma. Kilichopo katikati ni konrodi. Tulipoishusha injini ile, tulilaza konrodi zote nne mezani na kuegemeza rula. Tatu zilinyooka. Ya nne ilikuwa na mpindo mdogo, wa upole, ambao usingeuona bila rula, na upande mmoja wa pistoni yake ulikuwa umekwangua silinda. Mwenye gari alisimulia kwamba lilipozima ndani ya maji alipiga stata tena, na tena. Gari lililozima kwenye maji linasukumwa hadi pakavu na plagi zinafunguliwa kabla ya mtu kugusa ufunguo, lakini ndani ya Jangwani, na magari yanapiga honi nyuma, nani anakumbuka plagi?

Joto na maji angalau vinatoa taarifa. Vumbi halitoi.

Turudi Arusha, kwenye ile 1HZ iliyofungiwa turbo. Ilikuja ikitoa moshi wa bluu, na tajiri wake alikuwa amekasirika kwa sababu turbo ile ilikuwa ya pili. Ya kwanza ilikufa, akanunua mpya, nayo imeanza kutema oili. Waliokuwa wakimtengenezea walimwambia ameuziwa feki. Mzee alifungua bomba la kuingilia, akamulika kwa tochi, akaniita nitazame. Ncha za mapanga, ambazo zinapaswa kuwa na kona kali, zilikuwa zimeliwa zikawa mviringo, nyembamba, zinang'aa. Hakuna mgongano wa nati wala jiwe uliofanya vile. "Hii haikufa," alisema, "imesagwa."

Kwa macho, kila kitu kilikuwa sawa. Snokeli, lile bomba la nje la kuvutia hewa, ilipanda hadi kwenye paa. Chujio lilikuwa jipya, kifuniko cha ea klina kimekaa vizuri, mipira yake laini. Basi Mzee akachukua grisi kidogo kwa kidole, akapaka utando mwembamba ndani ya bomba, upande wa baada ya chujio: mahali pa kwanza karibu na ea klina, pa pili katikati, pa tatu karibu na turbo. Akafunga, akamwambia dereva aende kwenye barabara za vumbi za Simanjiro na arudi jioni. Aliporudi, tulifungua. Grisi ya kwanza ilikuwa safi kama ilivyopakwa. Ya pili na ya tatu zilikuwa kahawia, na ukizisugua kati ya vidole zilikwaruza. Vumbi halikupita kwenye chujio. Lilikuwa na mlango wake. Tuligeuza bomba na kukuta, upande wa chini ambako jicho halifiki, tundu la ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, pale mpira ulipokuwa ukisuguana na bati la kushikilia betri kila gari liliporuka kwenye matuta.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Mzee alifuata bomba kwa mkono. Tundu lilelile, la ukubwa uleule, lina maana tofauti kulingana na lilipo. Likiwa baada ya turbo, hewa iko kwenye presha, inatoka nje. Utasikia mluzi, gari litapungua nguvu, dizeli itatoa moshi mweusi, na utakuja gereji ukiwa bado na injini. Likiwa kabla ya chujio, linaingiza maji au hewa ya moto, lakini chujio bado linakinga vumbi. Likiwa kati ya chujio na turbo, bomba linanyonya, na linanyonya kimyakimya. Gari halipungui nguvu, pengine linaongezeka kidogo, kwa kuwa limepata hewa ya bure. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko aluminiamu ya mapanga na ya pistoni. Zinapita kwenye turbo, zinapita kwenye ringi, zinaingia kwenye oili, na oili inazipeleka kwenye beringi. Ukiona moshi wa bluu umeshachelewa. Tajiri yule angeweza kununua turbo ya tatu, halisi, yenye karatasi zote za dhamana, nayo ingesagwa vilevile.

Madereva walikuwa na desturi nyingine ambayo Mzee alipigana nayo hadi mwisho: kulichomoa chujio kila jioni kambini, kuligonga kwenye tairi, na wakifika mjini kulipuliza kwa kompresa hadi karatasi iwe nyeupe. Chujio la karatasi lililokwisha kutumika kidogo linakamata vumbi vizuri kuliko jipya, maana vumbi lililotangulia linaziba vitundu vikubwa. Ukiligonga, fremu yake inapinda na mpira haukai tena. Ukilipuliza kwa presha kubwa, karatasi inatoboka. Tulikuwa tukiweka taa ndani ya chujio gizani. Likionyesha hata kinyota kimoja cha mwanga, linakwenda jalalani, hata kama linang'aa kwa usafi.

Mzee alikuwa kijana enzi ambazo mbio za magari za Safari zilipita Kenya, Uganda na huku kwetu, na aliendelea kuzifuatilia zilipobaki Kenya peke yake. Aliweza kukutajia bila kufikiri kwamba Björn Waldegård alishinda mwaka 1984 na Celica ya turbo, Juha Kankkunen 1985, Waldegård tena 1986. Hoja yake ilikuwa kwamba turbo ilishinda Afrika baada ya watu kujua pa kuivutishia hewa, ndiyo maana magari ya Safari yalikuja na snokeli wakati ndugu zao wa Ulaya hawakuwa nazo. Tangu mashindano ya dunia yarudi Kenya mwaka 2021, ukitazama Naivasha, na lile vumbi laini la majivu linaloitwa feshi-feshi linalofunika matairi nusu, utaona tena mabomba yakipanda kando ya vioo. Kisa alichokipenda zaidi ni cha mwaka 1995. Kanuni zililazimisha hewa yote ya turbo ipite kwenye kizuizi cha tundu la milimita 34. Timu ya Toyota ikagundulika imetengeneza kizuizi kinachojisogeza chenyewe kwa springi kikishafungwa, hewa ikapenya pembeni, na timu ikafungiwa miezi 12. Mzee alisimulia kisa hicho bila kuilaumu timu hata kidogo, alisifu springi.

Snokeli yenyewe si dawa ya kila kitu. Juu ya paa vumbi ni kidogo, kwa sababu lile zito linabaki usawa wa magurudumu, na maji ya mto hayafiki. Lakini bomba refu lina kona nyingi zinazoitatiza hewa, na lina viungio vingi, na kila kiungio ni mlango unaosubiri kulegea. Nimeona za urembo tu, zimetobolewa kwenye madigadi, ndani hazikuungwa na chochote.

Ubishi mkubwa ni kichwa chake kitazame wapi. Madereva wengi wanakiacha mbele, wakisema upepo wa mwendo unaisaidia turbo. Nilipiga hesabu: kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, upepo huo unaongeza presha kwa takriban theluthi moja ya asilimia moja, wakati turbo inaongeza kwa makumi ya asilimia. Mimi niko upande wa wanaokigeuza nyuma wakiwa kwenye msafara, pale kati ya lango la Ngorongoro na Naabi, ambapo unakula vumbi la aliyekutangulia. Chembe nzito haziwezi kupiga kona kali kurudi ndani ya bomba, zinapitiliza. Mvua nayo vilevile. Ni klipu moja na bisibisi. Dereva mmoja wa Karatu alinisikiliza maelezo yote hayo hadi mwisho, akakubali kila hesabu, kisha akaniambia chake kitabaki kinatazama mbele, kwa sababu wageni wanapenda kukipiga picha.